Amri ya Nane na Joto la Mama

Katika darasa la kipaimara tulifundishwa Amri ya Nane pamoja na maelezo yake katika Katekisimu Ndogo, ile ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529 ili wazazi waitumie kuwafundisha watu wa nyumbani mwao. Tuliikariri mbele ya wazee wa kanisa, tukaulizwa maana yake, tukajibu. Wengi wetu tulitoka hapo tukidhani kwamba amri hii ni ya mahakamani: mtu anapanda kizimbani, anaapa, kisha anasema uongo juu ya jirani yake. Lakini maelezo yale yanakwenda mbali zaidi. Yanatutaka tumtetee jirani, tumnenee mema, na mambo yake tuyafasiri kwa upande ulio mwema. Hilo la kufasiri ndilo linalotuhusu hapa, maana uongo mwingi unaosemwa katika usharika si wa kutunga mambo yasiyokuwapo. Tunaona jambo lililotokea kweli, halafu tunalipa maana isiyo yake.

Tuchukue mama wa miaka 49, wa usharika wowote. Ibadani anatoka nje mara mbili kabla mahubiri hayajaisha. Kwenye kwaya hataki tena kuvaa joho. Kikaoni amesahau jambo alilokabidhiwa juzi tu. Nyumbani amekuwa mwepesi wa kukasirika, na usiku amehamia kitanda cha chumba cha wageni. Yote hayo yameonekana, hakuna aliyezua. Tafsiri nazo hazikawii: amepoa kiroho, ana kiburi siku hizi, amemchoka mumewe, pengine ana mtu, pengine ana pepo. Na mama mwenyewe hajaulizwa.

Sisi tunaoandika haya ni wanawake wa usharika mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, na wengi wetu tumeyapitia au tunayapitia. Huku kwetu mwezi wa Julai umande huganda juu ya nyasi, watoto huenda shule wamejifunga vitenge vya mama zao juu ya sweta. Kwa hiyo mama anayetupa blanketi saa nane za usiku na kufungua dirisha lazima aonekane ana lake jambo. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Tanga wanaweza kujificha kidogo, kwa kuwa huko kila mtu anatoka jasho. Huku hakuna pa kujificha.

Tueleze basi kinachotokea, maana hatuwezi kumfasiri mtu kwa wema kama hatujui lolote. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote yakiwa tayari ndani ya ovari. Hayaongezeki, hupungua mwaka hadi mwaka, na yanapokaribia kwisha ovari hupunguza kutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na wataalamu huhesabu kwamba imekoma pale mwanamke anapokaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipo sababu nyingine. Lakini mwili hausubiri miezi hiyo 12 ndipo uanze kubadilika. Mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla, hedhi ikiwa bado inakuja kwa kurukaruka, mwezi huu nyingi mno, miezi miwili inayofuata hakuna kitu, na ndiyo sababu wengi hawaunganishi mambo haya mawili. (Tuseme hapahapa kwamba katika kipindi hicho cha kurukaruka mimba bado inaweza kushika. Wapo waliompata kitinda mimba wao hivyo, wakidhani wamekwisha kustaafu.) Na mwanamke aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji huingia katika hali hii ghafla, hata kama ana miaka 35.

Lile joto lenyewe lina maelezo yake. Ndani ya ubongo ipo sehemu ndogo, haipothalamasi, ambayo pamoja na kazi nyingine hulinda joto la mwili lisipande wala kushuka kupita kiasi. Estrojeni inapopungua, sehemu hiyo huwa nyepesi kushtuka. Joto dogo la kikombe cha chai au la kupanda kilima, ambalo zamani mwili haukulijali, sasa linachukuliwa kama hatari. Mishipa ya damu ya kwenye ngozi hufunguka, moto unapanda kutoka kifuani kwenda shingoni na usoni, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka. Kwa kawaida ni dakika chache tu, halafu limepita, na mara nyingi nyuma yake inakuja baridi ya kutetemesha kwa sababu nguo zimelowa. Kwa mmoja hutokea mara moja kwa wiki, kwa mwingine mara kumi kwa siku. Hali hiyo huweza kudumu miaka mingi. Wapo pia wasiolipata kabisa, nao, tumeona, mara nyingi ndio mahakimu wakali kuliko wote.

Joto si dalili pekee. Wengine hupata maumivu ya viungo, kusahau, huzuni isiyo na sababu, mapigo ya moyo ya kushtua, ukavu ukeni. Lakini kama tungeombwa kutaja lililotusumbua kuliko yote, wengi wetu tungetaja usingizi. Mtu anayeamshwa na jasho mara tatu kila usiku kwa miaka miwili, anabadilisha shuka gizani asimwamshe mwenzake, kisha saa kumi na moja anawasha moto wa chai ya watoto, mtu huyo hawezi kubaki alivyokuwa. Wenye watoto wachanga wanajua kukosa usingizi ni nini. Ila mama wa mtoto mchanga anapikiwa uji, anapokewa mtoto, na akifoka kila mtu anasema mwacheni, hajalala. Mama wa miaka 50 hana kichanga cha kuonyesha.

Kwa kuwa dalili hizi hazina jina midomoni mwetu, hupewa majina ya jirani. Anayewaka mwili anaambiwa ni malaria, ananunua dawa dukani, anameza, joto linarudi, anameza tena. Anayesikia moyo ukidunda anaambiwa ni presha. Anayeloa jasho usiku anaanza kuwaza kimoyomoyo kifua kikuu au Ukimwi, naye haendi kupima kwa hofu ya majibu, bali anaanza kumchunguza mumewe kwa macho. Kupima si vibaya, na mtu asituelewe vingine: jasho la usiku linaweza kweli kuwa la kifua kikuu, na mwenye kikohozi kisichoisha au anayepungua uzito asikae nyumbani akisema ni umri. Tunalosema ni kwamba baada ya vipimo kuonyesha hakuna ugonjwa, mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Mama anaambiwa hana kitu. Anarudi nyumbani na kitu chake.

Ndipo wengine hupelekwa kuombewa. Tunaamini katika maombi, na tunamwombea kila anayetaka kuombewa. Lakini yapo maombi yanayoanza kwa kumtangaza mtu kuwa ana pepo mbele ya watu mia mbili, kwa sababu alitetemeka na kulowa jasho wakati wa kusifu. Mwenzetu mmoja lilimpata hilo katika mkutano wa nje, si wa usharika wetu. Alikemewa kwa muda mrefu. Kwa bahati mbaya joto lile huisha lenyewe baada ya dakika chache, kwa hiyo lilipoisha waliokuwa wakikemea walishangilia ushindi. Siku tatu baadaye lilimrudia akiwa sokoni, na waliomwona wakasema pepo amerudi na wenzake saba. Kwa muda mrefu baada ya hapo alisalia nyumbani kwake. Alikuwa amepewa ushuhuda mbele ya kusanyiko, nao ulikuwa wa uongo, ingawa hakuna hata mmoja kati ya waliousema aliyekusudia kudanganya.

Katika kulitafakari jambo hili tumerudi mara nyingi kwa Hana kule Shilo, katika sura ya kwanza ya 1 Samweli. Kuhani Eli ameketi penye mwimo wa mlango. Anamwona mwanamke midomo yake inacheza na sauti haisikiki. Alichokiona Eli ni kweli tupu, midomo ilikuwa inacheza. Akafasiri kwamba mwanamke huyu amelewa, akamkemea. Eli hakuwa mtu mbaya, tena alikuwa kazini kwake, mahali patakatifu, na yumkini alikwisha kuona walevi wengi wakati wa sikukuu. Uzoefu ndio uliomponza. Hana akamjibu kwa heshima kwamba si hivyo, akaeleza uchungu uliokuwa moyoni mwake. Na hapo Eli ana sifa moja ambayo tungependa kuiona kwetu: alipoambiwa, alikubali. Hakumwambia Hana kwamba walevi wote husema hivyo. Alimbariki palepale.

Tuangalie lakini kilichomwezesha Eli kugeuka. Hana alisema. Angeinama na kuondoka kimya, kama ambavyo wengi wetu tungefanya, Eli angekwenda kulala akijua kwamba leo amemfukuza mlevi hekaluni. Kwa hiyo hatuwezi kuwalaumu wanaotuhukumu vibaya bila kuuliza pia habari ya ukimya wetu.

Wapo watakaosema kwamba ukimya huo ni staha, na kwamba mambo ya hedhi si ya kuandikwa katika kitabu cha kanisa. Tunawaheshimu, na baadhi yao ni mama zetu waliotulea. Staha ni jambo jema, hatutaki kanisa lisilo na staha. Ila staha ni kama vazi, na vazi linamsitiri anayelivaa. Ukimya huu unamsitiri nani? Mama mwenye joto haumsitiri, kwa maana jasho linaonekana, kutoka nje kunaonekana, hasira inaonekana. Kilichofichwa ni sababu tu. Yaani tumeacha wazi kila kinachomwaibisha, tukafunika kile kimoja ambacho kingemtetea. Wanaositirika kwa ukimya huu ni wasikilizaji, wasipate taabu ya kusikia.

Maandiko yenyewe hayana woga huo. Mwanzo 18 inataja wazi kwamba Sara alikuwa amekoma desturi ya wanawake. Mwandishi hakuona haja ya kuzunguka. Naomi, katika sura ya kwanza ya Ruthu, anawaambia wakwe zake kwa kinywa chake kwamba umri wake wa kuolewa na kuzaa umepita. Na mfalme Daudi! Mwanzoni mwa 1 Wafalme tunasoma kwamba alipozeeka hakuweza kupata joto ingawa walimfunika nguo. Watumishi wake hawakuona haya kulijadili jambo la mwili wa mfalme. Walikaa, wakashauriana, wakatafuta tiba (tiba ambayo hatumpendekezei mzee yeyote wa usharika huu), wakatuma watu nchi nzima, na habari yote ikaandikwa ili sisi tuisome. Baridi ya mzee mmoja ilikuwa shauri la taifa. Joto la mama zetu hatujawahi kulisikia hata katika maombi ya wagonjwa.

Mila zetu nyingi nazo ziliweka mwalimu kwa damu ya kwanza: somo, kungwi, shangazi, bibi. Makanisa yalipinga baadhi ya mafundisho ya unyago, kisha yakaona pengo, yakaanzisha mafundisho yake kwa wasichana. Kwa damu ya mwisho hatuna somo wala darasa. Tunalojua tumeokota kwa kusikiliza wakubwa wakicheka jikoni.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani tunachotaka ni kwamba kila mtu ajue habari hizi, na mama aachwe apumzike. Mambo si mepesi hivyo, kwa sababu ujuzi nao unaweza kutumika kushuhudia uongo. Fikiria mama huyohuyo wa miaka 49 anasimama katika mkutano wa usharika, anauliza fedha za bati zilizochangwa mwaka juzi ziko wapi na kwa nini paa bado linavuja. Sauti yake iko juu kidogo. Nyuma, mtu anayejisifu kuwa anaelewa mambo ya kisasa anamnong'oneza mwenzake: mwacheni, ni umri huo, homoni. Watu wanacheka kwa huruma, mwenyekiti anasema tumekusikia mama, ajenda inayofuata. Hapo hakuna aliyemwita mlevi wala mwenye pepo. Lugha ni ya hospitali, na nia labda ni njema. Lakini swali lake limezikwa. Fedha za bati hazina homoni.

Huu ni ushuhuda wa uongo wa aina ya pili, na tunauogopa zaidi ya ule wa kwanza kwa sababu unakuja umevaa joho la huruma. Wa kwanza unamwambia mama kwamba mwili wake ni tabia mbaya. Wa pili unamwambia kwamba akili yake na dhamiri yake ni mwili tu. Mume anaweza kuutumia vilevile: mkewe anamwambia kwamba amekuwa akirudi usiku mno na fedha za ada hazionekani, naye anajibu, nenda kapime, umri huo unakusumbua. Kumfasiri jirani kwa wema hakumaanishi kumpunguzia. Lazima kwanza tusikilize alichosema, tukipime kama ni kweli, ndipo tujali kama alisema kwa ukali. Kwa kawaida tunafanya kinyume.

Na sisi wenyewe je? Tumebishana sana juu ya hili katika vikundi vyetu, hatukukubaliana katika kila kitu. Mmoja alishikilia kwamba hasira ya kipindi hiki si dhambi hata kidogo, maana mtu hakuichagua. Mwingine akasema kiasi ni tunda la Roho na Roho hakomi tukikoma sisi. Tulipofika ni hapa: joto halina dhambi, na ile hasira inayopanda kwa mtu asiyelala, inapopanda tu, hatuwezi kuiita dhambi zaidi ya kuiita njaa dhambi. Lakini binti wa kazi aliyepigwa kofi kwa sababu ya sufuria lililoungua amepigwa kofi. Shavu lake haliulizi kama mpigaji ana miaka 20 au 50. Mama anadaiwa msamaha, autoe mwenyewe kwa kinywa chake, asiulipe kwa kumnunulia kandambili mpya. Tena ni vizuri amwambie binti huyo sababu: sijalala siku tatu, mwili wangu unanisumbua, hukustahili. Kuna wanaoona kwamba ukitaja sababu umejitetea. Sisi hatuoni hivyo. Binti akijua sababu, anaacha kuamini kwamba yeye ni mjinga asiyeweza kazi, ambalo ndilo alilokuwa ameanza kuamini. Naye ni jirani katika Amri ya Nane. Pia siku moja atafika miaka 50.

Katika ndoa mambo huwa mazito zaidi, kwa sababu huko ushuhuda hausemwi kwa sauti. Estrojeni inapopungua, ngozi ya ukeni huwa nyembamba na kavu, na tendo la ndoa linaweza kuuma. Mke anajitenga, anaona aibu kusema linauma. Mume anafasiri: amenichoka, au kuna mwingine. Mke naye anaona mume amenuna, anafasiri: sasa nimezeeka, anatafuta wadogo. Watu wawili wanaopendana wanashuhudiana uongo kitandani bila kusema neno. Paulo katika 1 Wakorintho 7 anazungumza habari ya mume na mke kutonyimana, na mistari hiyo mara nyingi husomwa kwa mke peke yake, kama hati ya deni. Lakini pale Paulo anataka hata kujitenga kuwe kwa kupatana, na watu hawawezi kupatana juu ya jambo wasilolitaja. Ukavu huo una msaada, kuna vilainishi na kuna dawa za kupaka, na muuguzi hatashangaa kuulizwa. Alikwisha kuulizwa mengi.

Hatuwezi kumaliza bila kuwataja wale ambao kwao kukoma hedhi ni msiba hasa. Dada ambaye hakupata mtoto, aliyehesabu kila mwezi kwa miaka 25, anajua kwamba mlango umefungwa. Mara nyingi hana wa kulia naye, maana haukufa mtu. Tena katika saa hiyo hutokea wahubiri wanaomwahidi mtoto kwa jina la Sara. Mungu aliyempa Sara mtoto ni Mungu wetu, naye hufanya atakalo. Lakini ahadi ile alipewa Sara kwa jina, ndani ya kusudi ambalo Mwanzo inalieleza kwa sura nyingi. Anayemtamkia dada wa miaka 54 ahadi ambayo Mungu hakumtuma kuitamka anamshuhudia uongo Mungu mwenyewe.

Na hapo kuna hatari ya maisha. Mwanamke aliyekwisha kaa mwaka mzima bila hedhi, akaona damu tena hata matone tu, anapaswa kwenda hospitali, asingoje mwezi. Mara nyingi sababu si kubwa. Lakini damu hiyo inaweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba au ya mlango wa kizazi, na hiyo ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Madaktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road wamesema kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wengi huwafikia ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Ugonjwa huo ukionekana mapema unatibika. Sasa mweke mama huyo katika usharika ambao haya hayasemwi, mwenye moyo uliojaa mahubiri ya Sara, aone damu akiwa na miaka 58. Mwenzetu mmoja alifurahi. Alimwambia dada yake mmoja tu kwamba Bwana amemrudishia ujana wake. Aliponyamaza, alinyamaza kwa staha. Alipokwenda hospitali, ilikuwa baada ya miezi minane. Tulimzika mwezi wa Februari, na katika wasifu wake ilisomwa kwamba aliugua kwa muda mfupi.

Habari ya tiba tutaisema kwa kifupi, kwa kuwa hii si zahanati. Kuna mambo madogo: nguo nyepesi za kuvaliana moja juu ya nyingine ili ya juu ivuliwe, kupunguza chai ya moto na pilipili ikiwa umeona ndizo zinazoliamsha joto, kutembea, kulala penye hewa. Mifupa hupoteza nguvu haraka zaidi katika miaka ya kwanza baada ya kukoma hedhi, kwa hiyo dagaa, maziwa, mboga za majani na kazi ya mikono zina maana yake. Kuna pia dawa za homoni. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, wenye wanawake zaidi ya 16,000, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa waliomeza homoni za aina mbili pamoja walionekana kupata saratani ya matiti na magonjwa ya moyo zaidi kidogo, na hofu ikaenea duniani kote. Baadaye wataalamu waliangalia tena, wakaona kwamba wengi wa wanawake wale walikuwa wamepita miaka 60, na kwamba kwa aliye chini ya umri huo, au ambaye hajapita miaka 10 tangu akome hedhi, faida mara nyingi ni kubwa kuliko hatari. Si za kila mtu. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa kwa kawaida hapewi. Daktari ndiye wa kuamua pamoja na mwenye mwili. Tumesikia ikisemwa kwamba kutafuta nafuu ni kukataa mpango wa Mungu wa uzee. Wanaosema hivyo huvaa miwani.

Mwaka huu, baada ya maneno mengi, baraza la wazee lilikubali jambo hili lizungumzwe katika wiki ya familia, na muuguzi wa kituo cha afya akaalikwa. Mzee mmoja aliuliza kama akina baba watoke nje kipindi kitakapoanza. Tulimwambia wabaki. Walibaki kama thelathini hivi, wamekaa nyuma, kofia magotini, wakitazama sakafu. Muuguzi alieleza yote tuliyoandika hapa na zaidi, akauliza kama kuna swali. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha baba mmoja, mtu mzima sana, fundi seremala, akasimama. Hakuuliza habari ya homoni. Aliuliza kama hilo joto ndilo linalomfanya mtu afungue dirisha usiku wa Julai na kwenda kulala chumba kingine. Muuguzi akasema linaweza kuwa ndilo. Yule baba akabaki amesimama kidogo, akasema, basi pengine hajanichoka.

Hakuna aliyecheka. Muuguzi alimwambia kwamba hilo yeye hawezi kulijibu, aende nyumbani akamwulize mama mwenyewe. Akachukua kofia yake, akatoka kabla ya sala ya kufunga.